Kuchanja mbegu za soya kwa bakteria wa naitrojeni: kutoka dukani hadi kuchimba mizizi

Mkulima wa Lira au Gulu anayenunua pakiti ya bakteria kwa ajili ya soya yake ananunua kitu chenye uhai. Yurea, mbolea ya naitrojeni ya dukani, ikiachwa juani mwezi mzima bado ni yurea. Pakiti ya rizobia, ndio bakteria hao wa mizizi, ikifungwa nyuma ya boda boda mchana mmoja wa jua kali, inaweza kufika shambani ikiwa vumbi jeusi tu, na kwa macho huwezi kujua. Lawama nyingi za kwamba "dawa ile haifanyi kazi" huanzia hapo. Zinazobaki huanzia kwenye udongo usio na fosforasi.

Mwongozo huu unahusu soya, kwa sababu ndiyo zao ambalo chanjo hii ya bakteria hulipa kwa uhakika zaidi katika mashamba ya Uganda. Mazao mengine tutayagusa kwa kifupi ili usipoteze pesa.

Kinachotokea ndani ya mzizi

Mzizi mchanga wa soya hutoa kemikali udongoni. Rizobia wanaoitambua hujibu kwa kutoa kemikali yao, unywele wa mzizi hujikunja na kuwafungia ndani, nao huingia hadi kwenye nyama ya mzizi. Mmea huwajengea kinundu. Humo hulishwa sukari iliyotengenezwa na majani, nao hugeuza naitrojeni ya hewani kuwa amonia ambayo mmea unaweza kuitumia. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huharibiwa na oksijeni, kwa hiyo kinundu hutengeneza protini nyekundu inayoidhibiti oksijeni, ndugu wa ile inayofanya damu yetu iwe nyekundu. Kumbuka rangi hiyo. Utaitafuta kwa wembe wiki ya sita.

Faida yake ni hesabu rahisi. Tani moja ya punje za soya hubeba karibu kilo 60 za naitrojeni. Kuipata naitrojeni hiyo kwa mbolea ya dukani kungehitaji karibu kilo 130 za yurea, hata kama chembe moja isingepotea kwa mvua. Bakteria hawaleti yote, sehemu hutoka udongoni, lakini kwenye shamba linalokwenda vizuri huleta nusu au zaidi.

Hatua ya 1: Je, zao lako linahitaji chanjo?

Soya ilikuja Afrika kutoka Asia, na bakteria anayeelewana nayo vizuri, Bradyrhizobium wa soya, mara nyingi hayupo kwenye udongo wetu au yupo kidogo sana. Kama shamba halijalimwa soya iliyochanjwa kwa misimu kadhaa, chanja. Kama uliilima msimu uliopita na mizizi ilijaa vinundu, bakteria huenda bado wapo, lakini udongo wenye asidi na kiangazi kirefu huwapunguza. Bei ya pakiti ni ndogo ukilinganisha na mbegu na palizi, kwa hiyo kuchanja kila msimu hakuna hasara.

Njugu, kunde na mbaazi ni habari nyingine. Mazao haya hukubali rizobia wa aina nyingi ambao tayari wamejaa kwenye udongo wa Afrika. Ukichanja, wageni hushindwa na wenyeji, na huoni tofauti. Maharage yako katikati: yana rizobia wake, si wale wa soya, na matokeo hubadilika sana kutoka shamba hadi shamba. Usiweke chanjo ya soya kwenye maharage ukitarajia chochote.

Na mahindi je? Wapo wauzaji wa bakteria wa mahindi na miwa. Wengi wa hao ni Azospirillum na jamaa zake, wanaoishi juu na ndani ya mizizi bila kuunda vinundu. Si utapeli: mwaka 1988 nchini Brazil, watafiti Cavalcante na Johanna Döbereiner walieleza bakteria anayeishi ndani ya muwa na kunasa naitrojeni humo. Lakini kwa mahindi faida inayoonekana zaidi hutokana na homoni wanazotoa, ambazo huongeza mizizi midogo, na mzizi mwingi hufaidi maji na mbolea uliyoweka. Jaribu kwenye mistari michache ukipenda. Usipunguze yurea ya mahindi kwa sababu umenunua chupa hiyo.

Hatua ya 2: Kununua

Chuo Kikuu cha Makerere hutengeneza chanjo, na nyingine huvuka mpaka kutoka Kenya, kama vile BIOFIX ya Nakuru. Popote unaponunua, angalia mambo manne kabla ya kutoa hela:

- Jina la zao kwenye pakiti ni soya. "Kwa mikunde yote" haitoshi.
- Tarehe ya mwisho haijapita. Chanjo ya unga kwa kawaida hudumu karibu miezi sita ikitunzwa vizuri.
- Pakiti haijatoboka. Ndani unga uwe na unyevunyevu kidogo na usiwe umekauka kama jivu.
- Imewekwa wapi? Kama iko dirishani panapopiga jua, au chini ya mabati karibu na dari, tafuta duka lingine. Muulize muuzaji imefika lini.

Pakiti ya gramu 100 inatosha kilo 10 za mbegu, yaani gramu 10 kwa kila kilo. Baadhi ya pakiti huruhusu mpaka kilo 15. Fuata maandishi ya mtengenezaji, lakini kwenye shamba ambalo halijawahi kuona soya usiibane. Ekari moja huhitaji kilo 20 hadi 25 za mbegu, kwa hiyo nunua pakiti tatu.

Safirisha ndani ya mfuko wenye kivuli. Nyumbani weka kwenye friji, mbali na sehemu ya barafu, kwa sababu kugandisha nako huua. Kama huna friji, chungu kilichozikwa nusu kwenye mchanga mbichi ndani ya nyumba kinafaa kwa siku chache.

Hatua ya 3: Udongo na fosforasi

Hapa ndipo wengi wanaruka, kisha wanalaumu pakiti.

Kunasa naitrojeni ni kazi inayokula nguvu nyingi mno, na nguvu hiyo ndani ya mmea hubebwa na fosforasi. Udongo mwekundu uliochoka una fosforasi kidogo, na ile iliyopo imeshikwa na chuma na alumini. Vinundu vitatokea vichache, vidogo, na soya itabaki fupi hata kama bakteria walikuwa hai wote.

Weka mbolea ya fosforasi iitwayo TSP, kilo 50 kwa ekari. Kama TSP haipatikani, SSP kilo 100 inakaribia kiasi hicho, na ina salfa, jambo ambalo ni zuri. DAP inawezekana, ila kilo 50 zake zina kilo 9 za naitrojeni, na mmea ukipata naitrojeni ya bure hupunguza kuwajengea bakteria nyumba. Kwenye udongo uliochoka kiasi hicho huvumilika. Yurea na CAN, ambayo nayo ni mbolea ya naitrojeni, usiziguse kabisa kwenye soya iliyochanjwa.

Asidi: soya na bakteria wake wanapenda pH kati ya 5.5 na 7. Chini ya hapo alumini huchoma mizizi midogo, na pale ndipo maambukizi yanapotakiwa kutokea. Maabara ya udongo ya Kawanda hupima. Usimwage chokaa kwa kukisia. Kiasi hutegemea aina ya udongo, na chokaa inatakiwa iingie wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Hatua ya 4: Kuandaa mbegu

Soya hupoteza uwezo wa kuota haraka kuliko mahindi au maharage. Hesabu mbegu 100, zifunge kwenye gunia bichi, subiri siku tano hadi saba. Zikiota 85 au zaidi, endelea. Chini ya hapo, badilisha mbegu au ongeza kiasi.

Mbegu iwe haijapakwa dawa ya ukungu. Dawa nyingi za rangi ya waridi au kijani, hasa zenye shaba, huua rizobia. Kama mbegu uliyopata imekwisha kupakwa, usiioshe. Tumia chanjo mara mbili ya kiasi, na upande ndani ya saa moja au mbili. Si suluhisho kamili, lakini ni bora kuliko kuacha.

Hatua ya 5: Kuchanja

Fanya hivi chini ya mti au ndani ya nyumba, asubuhi ya siku unayopanda, baada ya kuhakikisha udongo una unyevu wa kutosha. Mbegu isichanjwe kwa kusubiri mvua.

Unahitaji kitu cha kugandisha. Kizuri ni gamu arabiki, gundi ya migunga, ambayo hata Karamoja inapatikana. Kwa kilo 10 za mbegu, yeyusha gramu 80 za gundi iliyopondwa ndani ya mililita 200 za maji ya moto. Huyeyuka polepole, kwa hiyo itengeneze jioni iliyotangulia na uiache ipoe kabisa. Usiwahi kukutanisha bakteria na kitu cha moto. Kama gundi haipo, vijiko viwili vya chakula vya sukari kwenye mililita 200 za maji vinasaidia, ingawa sukari hushika kidogo na inakuharakisha. Kikombe cha Tumpeco ni nusu lita, kwa hiyo mililita 200 ni chini kidogo ya nusu ya kikombe.

Maji ya bomba yana klorini. Tumia ya mvua au ya kisima, au yaache ya bomba wazi kwenye beseni usiku kucha.

Sasa mimina kilo 10 za mbegu kwenye beseni safi. Beseni lililowahi kuchanganyiwa dawa ya wadudu halifai, na gunia la mbolea halifai. Nyunyiza gundi robo kwa robo huku ukigeuza kwa mikono kutoka chini kwenda juu. Unachotafuta ni kila mbegu ing'ae pande zote na sakafu ya beseni isiwe na maji. Kama mbegu zimeanza kung'aa zote kabla gundi haijaisha, simama hapo hapo. Soya hunywa maji upesi: ganda likikunjamana ujue umezidisha, na dakika chache baadaye ganda litaanza kuchubuka na mbegu kugawanyika vipande viwili. Hiyo haioti.

Mbegu ziking'aa, fungua pakiti, nyunyiza unga wote gramu 100 na ugeuze taratibu kwa dakika mbili tatu, mpaka kila mbegu ivae koti jeusi. Ukiona bado kuna mbegu njano, endelea. Ukiona unga umebaki chini, gundi ilikuwa kidogo. Ongeza kijiko kimoja tu.

Tandaza kwenye turubai kivulini kwa dakika kumi hadi kumi na tano ili mbegu ziachane. Kisha zifunike kwa gunia bichi lililokamuliwa. Changanya kile utakachopanda ndani ya saa mbili au tatu. Mbegu zilizobaki jioni zichanjwe upya kesho yake. Koti la jana lina wafu wengi.

Bakteria hawa hawamdhuru mtu. Nawa mikono kwa ajili ya uchafu tu.

Hatua ya 6: Kupanda, na mistari ya ushahidi

Panda asubuhi mapema au jioni, au siku ya mawingu. Mbegu iliyochanjwa ikilala juani kwenye mfereji wazi robo saa, umepoteza sehemu kubwa ya kazi ya asubuhi. Ni bora watu wawili wafuatane, mmoja akidondosha na mwingine akifukia papo hapo.

Nafasi ni sentimita 60 kati ya mistari na sentimita 5 kati ya mbegu, kina cha sentimita 3. TSP ni gramu 7 hadi 8 kwa kila mita ya mstari, takriban kifuniko kimoja na nusu cha soda; pima mara moja kwa mizani kisha ufuate kifuniko. Weka mbolea kwanza chini ya mfereji, ifunike kwa udongo wa vidole viwili, ndipo uweke mbegu. TSP ikigusa mbegu moja kwa moja, asidi yake huua bakteria ambao umewagandisha kwa uangalifu wote huo.

Kabla hujaanza kuchanja (yaani kabla ya Hatua ya 5), panda vipande viwili vya ushahidi. Kila kimoja kiwe na mistari mitano ya mita 10, mbegu tupu isiyochanjwa, na TSP ile ile. Viweke upande wa juu wa mteremko ili maji ya mvua yasivipelekee bakteria. Kipande cha kwanza kiache hivyo hivyo. Cha pili kipe yurea gramu 325 wiki ya tatu na gramu 325 nyingine wiki ya sita. Mikono iliyokwisha kushika chanjo isirudi kwenye mbegu hizi.

Watu huona hili ni jambo la watafiti. Ni mistari kumi tu, na bila hiyo huna namna ya kujua kama pesa ya pakiti ilirudi.

Hatua ya 7: Wiki za kusubiri

Wiki ya pili na ya tatu majani yanaweza kupauka kidogo. Akiba ya mbegu imeisha na vinundu bado havijaanza kazi. Vinaanza kunasa karibu wiki ya tatu baada ya kuota. Usikimbilie yurea. Palilia wiki ya pili au ya tatu, rudia kabla ya maua, na jembe lisizame karibu na shina kwa sababu vinundu vizuri vimekaa juu juu.

Hatua ya 8: Kuchimba na kusoma mizizi

Chimba maua yanapoanza kufunguka, kwa kawaida wiki ya sita hadi ya saba. Ukichelewa mpaka maganda yanajaa, utakuta vinundu vinazeeka kwa kawaida yao na utadhani kuna tatizo.

Chagua mimea kumi hapa na pale kwenye sehemu iliyochanjwa, na mitano kwenye kila kipande cha ushahidi. Udongo uwe mbichi. Zungushia jembe sentimita 15 kutoka kwenye shina, shuka sentimita 20, nyanyua bonge zima. Usivute kwa mkono: mizizi itatoka mitupu na vinundu vitabaki ardhini. Loweka bonge kwenye beseni la maji, acha udongo ujitoe wenyewe.

Angalia kwanza vimekaa wapi. Vinundu vilivyokusanyika kwenye mzizi mkuu karibu na shina ni vya chanjo yako, kwa sababu bakteria walikuwa pale mzizi ulipotokea. Vilivyotawanyika mbali kwenye mizizi ya pembeni mara nyingi ni vya wenyeji wa udongo. Zaidi ya kumi vinene kwa mmea ni dalili njema.

Kisha pasua vichache kwa wembe:

- Ndani kwekundu au waridi: vinafanya kazi.
- Kweupe: bado vichanga, au bakteria wake ni wavivu. Rudia baada ya wiki moja.
- Kijani au kahawia: vimekufa au vimezeeka. Wakati wa maua hii si kawaida; mara nyingi ni ukame, maji yaliyotuama, au mtu aliyeweka yurea.

Tahadhari moja. Uvimbe wa minyoo fundo hufanana na vinundu kwa anayetazama haraka. Kinundu kimening'inia pembeni mwa mzizi na hutoka kwa kukisukuma na kidole. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe umevimba, hautoki bila kuukata.

Kusoma vipande vitatu kwa pamoja

Iliyochanjwa ni kijani kama ile ya yurea, na ile tupu imepauka: chanjo imefanya kazi yake yote.

Ya yurea ni kijani, lakini iliyochanjwa imepauka sawa na ile tupu: bakteria hawakufika. Pakiti ilikufa njiani au dukani, mbegu ilikaa juani, ilikuwa na dawa, au chanjo ilikuwa ya zao jingine.

Zote tatu ni kijani: udongo una naitrojeni ya kutosha au una bakteria wake. Chimba ile tupu ujue ni lipi. Ikiwa ina vinundu vyekundu tele, msimu ujao unaweza kupumzisha chanjo.

Zote tatu zimedumaa, pamoja na ya yurea: tatizo si naitrojeni. Fikiria asidi, potasiamu, minyoo au maji, na upeleke udongo maabara. Kuongeza pakiti hapa ni kutupa pesa.

Baada ya kuvuna

Inasemwa sana kwamba soya "inarutubisha shamba". Naitrojeni nyingi huondoka na punje ndani ya gunia. Kinachobaki kiko kwenye majani yaliyoanguka, mizizi na makapi, na makapi yale kwa kawaida huishia kwenye lundo uani, yakachomwa. Yarudishe shambani yakiwa bado mengi, yatandaze, kisha panda mahindi juu yake. Mizizi nayo iache ardhini: kata mashina kwa panga badala ya kung'oa. Vinundu vitaoza humo humo, na baadhi ya bakteria watarudi udongoni kusubiri soya inayofuata.